Picha Mbili za Goti

Siku mliponiaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasimama akasema Mama Upendo ndiye mtu pekee aliyegombana na kompyuta hadi kompyuta ikaomba radhi. Mlicheka, nami nilicheka. Baadaye, tukiwa tunakula, kijana huyohuyo aliniuliza kwa nini mfumo wetu wa kutuma picha una masharti mengi kuliko posa ya binti wa mchungaji. Unachagua faili, mfumo unalibatiza jina refu la tarakimu tupu. Halafu unakurudishia picha uitazame. Halafu unakulazimisha usome namba iliyo kwenye kona ya picha na kuiandika kwa mkono, na ukikosea tarakimu moja unaanza upya. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na wali ulikuwa unapoa.

Haya ndiyo majibu. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana hata mimi nilikuwa napata habari hizo kwa barua zilizochelewa. Nitawaambia kilichotokea.

Nilikuja Karatu mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Machame, nikimfuata mume wangu aliyekuwa dereva wa watalii. Nilikuwa mpiga chapa. Hospitali ikaniajiri nipige barua za daktari mkuu, lakini siku yangu ya kwanza mashine ya chapa ilikuwa imeharibika, na fundi wake alikuwa Arusha. Basi nikaambiwa niende chumba cha eksirei nikamsaidie Mzee Lohay kupanga filamu hadi mashine itengenezwe. Mashine ilitengenezwa wiki iliyofuata. Mimi nilikaa chumba cha eksirei miaka saba.

Mzee Lohay alikuwa Mwiraki, Mmbulu wa kijiji cha Qurus. Hakuwa mzee wakati ule, alikuwa na miaka arobaini na kitu, ila alikuwa na namna ya kunyamaza iliyowafanya watu wamwite mzee. Kucha zake zilikuwa za kahawia kwa sababu ya dawa za kusafishia filamu. Aliniangalia mlangoni, akaniuliza:

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Hata namba?"

"Hata namba."

"Basi majina usiyasome."

Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani. Alinionyesha vitarakimu vidogo vya madini ya risasi alivyokuwa akivibandika pembeni kabla ya kupiga picha, ili filamu ikitoka iwe na namba nyeupe kwenye kona. Akasema wilaya hii ina akina Paskali Safari wa kujaza lori, na wote wameanguka mahali fulani. Jina ni la mtu na mama yake. Filamu inajua namba. Filamu ikitoka bila namba, hata kama mgonjwa bado amelala pale mezani, aliikata kwa mkasi mbele yake na kupiga nyingine. Filamu zilikuwa adimu, na daktari mkuu alikuwa akimsema sana kwa hilo. Yeye alijibu neno moja kila mara: "Picha isiyo na namba ni ya yeyote."

Kazi yangu ilikuwa kuziweka filamu kwenye bahasha za kaki, kuandika namba kwa kalamu ya wino mzito, na kuzipanga kwenye rafu. Zile ngumu, ambazo daktari wetu hakuweza kuzisoma kwa uhakika, tulizipeleka kwa daktari bingwa mjini. Tulimkabidhi kondakta wa basi, basi likashuka na vumbi lake hadi Mto wa Mbu na kuendelea, na jibu lilirudi baada ya wiki mbili, tatu, au halikurudi. Niliwahi kupokea bahasha iliyokaliwa na kuku safari nzima. Wagonjwa walisubiri. Wengine walisubiri kwa uvumilivu ambao ulinitia aibu, wengine walifariki bahasha ikiwa njiani, na mimi nikaiweka rafuni ilipofika, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulipewa kompyuta. Ilikaa miezi minne imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya watu wenye nafasi. Mimi nilichaguliwa kujifunza kwa sababu nilijua kupiga chapa. Hiyo ndiyo sifa yote niliyokuwa nayo. Mwalimu wangu alikuwa Godlisten, kijana wa Arusha aliyefundisha chuo kimoja huko na kupanda kwetu Jumamosi moja kila mwezi. Alikuwa na maneno ya kijiweni na moyo mzuri.

"Mama, hiki kitu wala hakiumi," aliniambia. "Ukikosea unafuta, unaanza mwanzo. Freshi tu."

Nilimwamini. Ni kweli kwa mambo mengi.

Alinipa kitabu cha Kiingereza kilichotolewa fotokopi, kurasa mia tatu, nikakisoma na kamusi pembeni kwa miaka miwili, jioni na Jumapili baada ya ibada. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika programu: nikiwa mama wa watoto watatu, na vumbi jekundu la Karatu likiingia kwenye kibodi kila mtu alipofungua mlango. Nilikuwa napindua kibodi na kuikung'uta kama ungo.

Kisha likaja dishi la mtandao, likafungwa juu ya paa la chumba cha kufulia. Godlisten akanishawishi tutengeneze mfumo wetu wenyewe. Ulikuwa ukurasa mmoja. Unaandika habari za mgonjwa, unabonyeza kuchagua faili la picha kutoka kwenye kompyuta, unabonyeza kutuma. Picha inapanda hadi kwenye seva iliyokaa chuoni kwake Arusha. Mabingwa wawili wa mjini waliokubali kutusaidia waliingia kwa zamu, wakaiona picha, wakaandika jibu. Filamu yenyewe haikutoka tena hospitalini. Nilikuwa naiweka kwenye kioo chenye taa, naipiga picha kwa kamera ndogo ya dijitali, naihamishia kwenye kompyuta, naituma.

Jibu la kwanza lilirudi siku ileile. Nilimpelekea Mzee Lohay likiwa limechapwa. Alilisoma mara mbili, akaligeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine.

"Na kuku hajalikalia," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa makofi yangu, na yalinitosha.

Taabu zilianza mapema. Seva ilikuwa na kipimo cha ukubwa wa faili, na picha iliyozidi kipimo ilitupwa bila neno. Lakini ukurasa wangu ulikuwa ukiandika "Asante, picha imepokelewa," kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika sentensi ile, na sikuwa nimeifunga na chochote. Ilitokea picha ikifika, ikatokea picha isipofika. Kwa wiki tatu tulikuwa tunashukuriwa kwa picha ambazo hakuna aliyeziona. Niligundua bingwa mmoja alipopiga simu kuuliza kwa nini tunamtumia majina ya wagonjwa matupu.

Nilirekebisha. Halafu karani mmoja akapakia barua yake ya kuomba likizo mahali pa eksirei, na mfumo ukaipokea kwa heshima zote, bingwa akaisoma. Nikarekebisha na hilo, mfumo ukawa unachungulia ndani ya faili kuona kama kweli ni picha, badala ya kuamini herufi za mwisho za jina lake. Kila kosa nililiziba lilipotokea. Sikujua wakati ule kwamba mtu anayeziba kosa baada ya kutokea anakuwa daima nyuma kwa kosa moja.

Tatizo kubwa lilikuwa mwendo. Ukungu wa Ngorongoro ukishuka, mtandao unazama nao. Picha moja ilichukua dakika arobaini kupanda, ikakatika dakika ya thelathini na tano, nikaanza upya. Kwa hiyo nikawa nazipunguza. Nilipunguza ubora kidogo, kisha nikawa nakata kingo: ile sehemu nyeusi isiyo na mfupa nilikuwa naikata yote, pande nne, ibaki goti tu au kifua tu. Faili likawa nusu. Nilijiona mjanja. Sehemu nyeusi isiyo na mfupa ndiyo yenye kona, na kona ndiyo yenye namba.

Mzee Lohay hakuliona hilo kwa sababu hakuwa akiingia chumba cha kompyuta. Alisema kina baridi.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, ukame ukiwa umeshika, aliletwa msichana kutoka Olbalbal, Umasaini, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Jina lake Nashipai, miaka kumi na tisa hivi. Kaka yake, Lemburis, alikuwa amembeba mgongoni hadi barabarani, wakapata lori hadi Karatu. Lemburis alikuwa amesoma shule ya bweni na alijua Kiswahili vizuri. Dada yake alijua kidogo. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba na kung'aa, na alikuwa na homa ya kuja na kuondoka karibu mwezi mzima. Daktari wetu mkuu wakati ule alikuwa Daktari Temba. Aliitazama filamu dirishani, akaitazama tena.

"Kuna kitu hapa sikipendi, lakini sina uhakika," akaniambia. "Itume."

Wiki hiyo kamera yetu ilikuwa imekufa kwa vumbi, haikutengenezwa hadi Jumatano. Daktari Temba akaniazima ya kwake. Kamera zote mbili zilizipa picha majina zenyewe, herufi chache na namba. Tofauti ilikuwa moja, na sikuijua: yetu ilihesabu mbele daima, haikurudi nyuma, ya Daktari ilianza tena kutoka moja kila ulipofuta kadi yake ya kuhifadhia picha. Mimi nilikuwa nafuta kadi kila asubuhi, kwa usafi.

Jumatatu, picha mbili za kwanza ziliharibika nikaziacha, ya tatu ilikuwa goti la Nashipai. Nikaituma. Jumanne asubuhi nikafuta kadi. Siku hiyo picha ya tatu ilikuwa goti la Paskali, mkulima wa Kansay aliyeangushwa na mkokoteni wa ng'ombe. Nikaituma. Na kule kwenye seva mfumo wangu uliweka picha zote kwenye folda moja, kila moja kwa jina ililokuja nalo kutoka kwenye kamera. Ya Jumanne ilipofika ilikuta mwenye jina lake yuko ndani, ikamfuta, ikakaa mahali pake. Hakuna kengele iliyolia. Mfumo uliandika "Asante, picha imepokelewa," na safari hii ilikuwa kweli.

Jumatano mabingwa waligawana kazi. Mmoja alifungua ukurasa wa Paskali akaona goti la Paskali. Mwingine alifungua ukurasa wa Nashipai, naye akaona goti la Paskali. Akaandika kwamba kuna ufa mdogo chini ya goti, hakuna dalili ya ugonjwa ndani ya mfupa. Afungwe plasta, apumzike, arudi baada ya wiki sita.

Daktari Temba alisoma jibu akiwa amekunja uso. "Na homa?" akauliza. Alimwandikia dawa za malaria na za maumivu. Alisema bingwa ameona vizuri kuliko yeye. Nashipai alifungwa plasta, na Ijumaa kaka yake akampeleka nyumbani. Waliaga hadi kwangu. Lemburis alinishukuru kwa mashine yangu.

Mzee Lohay alikuwa na tabia ambayo hakuna aliyemtuma. Jibu likirudi, kabla ya kuliweka kwenye bahasha pamoja na filamu, aliinua filamu dirishani akasoma jibu huku akiitazama. Wiki ile, tangu Jumanne jioni, alikuwa Qurus kwa msiba wa shemeji yake. Aliporudi alikuta bahasha zimerundikana, akazipitia moja moja. Jumatano ya wiki iliyofuata aliingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na filamu mkononi.

"Mama Upendo. Huu ufa waliouandika uko wapi?"

Alibandika filamu kwenye kioo cha dirisha na kiganja. Sikuwa msomaji wa mifupa, lakini miaka saba si michache. Hapakuwa na ufa. Palikuwa na kitu kama sweta lililoliwa na nondo.

Nikafungua ukurasa wa Nashipai. Picha ikaja polepole, kutoka juu kwenda chini, kama zilivyokuwa zikija siku zile. Mzee Lohay aliinama akaitazama hadi ikaisha.

"Hili ni goti la mwanamume," akasema. "Mtu mzima, wa jembe. Namba yake iko wapi?"

"Niliikata, mzee."

"Uliikata."

"Ili faili liwe dogo. Lipande haraka."

Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa Paskali, na goti likaja tena kutoka juu kwenda chini, lilelile. Nilielewa pale pale, yote kwa mara moja: kamera, kadi, jina, folda. Nakumbuka nilifikiri kwamba sikuwahi hata mara moja kujiuliza itakuwaje wakija wawili wenye jina moja. Mimi, wa kwanza kuambiwa nisiyasome majina.

"Haya, inuka," Mzee Lohay akasema. "Kulia baadaye."

Nilikimbia kwa Daktari Temba. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye paji la uso. Tukapiga picha upya, filamu nzima, kona zote nne, nikaipa jina kwa mkono wangu nikaituma, naye akampigia bingwa simu. Jibu lilirudi kabla ya saa mbili kupita. Usaha ulikuwa ndani ya mfupa, ukielekea kwenye kiungo. Plasta itolewe leo. Goti lipasuliwe mara moja.

Lakini leo haikuwezekana. Olbalbal wakati ule haikuwa na simu. Daktari Temba alisema gari la hospitali litaondoka alfajiri na muuguzi. Nikasema nakwenda.

"Wewe si muuguzi," akasema.

"Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani, daktari."

Akatazama pembeni. "Vaa sweta," akasema.

Tulipita geti la Ngorongoro kukipambazuka. Juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, dereva anatoa kichwa nje kuona barabara. Tulipoanza kuteremka upande wa pili tukautoka ghafla, na chini kule Olbalbal ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Bomani kwao tulikuta bibi wawili na watoto. Wakatuonyesha kwa mkono: ng'ombe wamehamia kwenye maji, na nyumba nzima imekwenda nao. Gari lilifika kwenye korongo likashindwa. Mimi na muuguzi tukatembea, kijana mchunga ng'ombe akituongoza, jua likipanda, vumbi la mifugo likitujaa puani. Tulitembea hivyo kwa muda wa saa mbili na zaidi. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Sikustahili vingine.

Nashipai alikuwa amelala kwenye kibanda cha matawi kilichofunikwa ngozi. Harufu ya plasta tuliipata kabla ya kuingia. Muuguzi alipiga magoti na mkasi wake bila kusalimu mtu.

Lemburis alikuja kutoka kwenye maji, shuka limelowa. "Takwenya, yeyo," akaniamkia, kama anavyoamkiwa mama.

"Iko," nikaitikia, kisha nikamwambia tumekuja kumrudisha dada yake hospitali, leo hii.

"Mlisema wiki sita. Mlisema ni ufa."

"Tulisema, na haikuwa kweli. Picha iliyosomwa haikuwa ya dada yako."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyezichanganya."

Nilikuwa nimejiandaa njiani kueleza habari za kamera na seva. Sikueleza. Hapakuwa na mahali pa kuyaweka maneno hayo. Mama yake Nashipai alikuwa amekaa kichwani pa binti yake, akiwafukuza nzi kwa mkia wa ndama. Lemburis akamfasiria. Mama alizungumza kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti, akinitazama. Kijana akafasiri kwa kifupi:

"Mama anasema ng'ombe wa boma zote wanakunywa hapa pamoja, na jioni kila mtu anawatambua wake. Anauliza, siku ile mlikuwa na wagonjwa wangapi?"

"Wa goti walikuwa wawili."

Akamwambia. Nilisikia neno lile kwa Kimaasai, fupi. Mama akageuza uso, akaendelea kufukuza nzi.

Lemburis alitaka kwanza kaka yake mkubwa aitwe, na kaka huyo alikuwa amepeleka ng'ombe wengine mbali. Alisema hospitali imeshawadanganya mara moja. Ni Nashipai mwenyewe aliyekata shauri. Alikuwa akitusikiliza, macho yamezama kwa homa. Alisema kwa Kiswahili chake kidogo, "Nakwenda." Kisha akasema tena kwa lugha yake, kwa mama yake, na mama akainuka. Wanaume wanne walimbeba juu ya ngozi ya ng'ombe hadi garini, wakipokezana, na mimi nikafuata nyuma.

Alipasuliwa siku ileile, na mara mbili zaidi baada ya hapo. Alikaa nasi hadi mvua za vuli zikaanza na kwisha. Mguu haukukatwa. Goti halikukunjika tena.

Nilimwuliza Daktari Temba kama ni zile siku zilizopotea. Kama angepasuliwa Alhamisi ya kwanza, je, goti lingekunjika? Alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa.

"Sijui," akasema. "Alikuja na mwezi mzima wa ugonjwa. Labda lingekunjika, labda sivyo. Na usizunguke ukitafuta mtu wa kukwambia."

Nilimwandikia barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akaitia kwenye droo. "Ukiondoka nani ataziba hilo tundu? Mimi?" Basi nikabaki, na hapo ndipo yalipoanzia masharti mnayoyacheka.

Jina la faili la kamera halitumiki tena kwa lolote. Linaandikwa pembeni kama kumbukumbu, basi. Seva yenyewe inatoa namba, namba ambayo haijawahi kutolewa wala haitatolewa tena. Mfumo ukikuta mahali pana picha, unakataa, hata uombe vipi. Kukata kona ni marufuku. Picha ikishapanda, inashuka tena mbele yako kutoka kule ilikokwenda, ili uione iliyofika, si ile uliyodhani umetuma, na unasoma namba ya Mzee Lohay kwenye kona na kuiandika kwa vidole vyako. "Imepokelewa" haiandikwi mpaka seva ihesabu ilichopata na ione ni sawa na ulichotuma. Na folda nikaitoa mahali pa wazi, maana katika kuitafuta picha ya Nashipai niligundua kwamba mtu yeyote aliyebahatisha anwani angeweza kutazama mifupa ya wilaya nzima.

Godlisten alipopanda Jumamosi yake alikaa akaijaribu.

"Mama, umezidisha," akasema. "Watu watachoka."

"Wachoke."

Walichoka kweli. Mimi nilichoka kuliko wote. Nilizipitia picha zote za nyuma, moja moja, nikilinganisha na filamu za rafuni, kazi ya miezi mitano, Mzee Lohay akininyanyulia filamu dirishani. Hatukupata jozi nyingine. Nilidhani ningefurahi. Nilichohisi ni uchovu tu, na uchovu ule haukuondoka tena. Tangu siku ile sikutuma picha hata moja kwa moyo mweupe. Mume wangu alikuwa akisema nakula chakula kama mtu anayesubiri simu. Mzee Lohay alistaafu mwaka uliofuata, akarudi Qurus kwenye maharage yake, na hakuwahi kulitaja jambo lile mbele yangu wala, nilivyosikia, mbele ya mtu mwingine.

Nashipai alirudi miaka minne hivi baadaye. Alikuwa amemleta mtoto wake kliniki, kisha akauliza chumba cha yule mama wa mashine. Alikuja na fimbo, mtoto mgongoni, mguu wa kulia umenyooka kama mti, anauzungusha pembeni kila hatua. Kiswahili chake kilikuwa kimekua. Alikuwa akiuza shanga kwa watalii. Hakutaka kukaa. Kukaa na kuinuka kulimpa taabu.

"Nataka kuona ule mfupa wangu," akasema.

Nikamfungulia. Aliutazama, akauliza ugonjwa ulikuwa wapi, nikamwonyesha kwa kalamu.

"Sasa na ule mwingine."

Kwa kanuni nilizoziandika mwenyewe, hakuwa na ruhusa ya kuona picha ya mtu mwingine. Nilificha jina, nikaifungua, nikaziweka pamoja. Alisogeza uso karibu na kioo. Mtoto akanyoosha mkono kugusa, mama yake akaushusha taratibu.

"Huyu alipona?"

"Alipona. Analima."

"Anakunja goti?"

"Anakunja."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza bei na kuiona ya haki. "Vizuri," akasema. "Ingekuwa wote wawili, ingekuwa mbaya zaidi."

Akamkaza mtoto mgongoni, akaniaga kwa heshima, akatoka. Nilimsikia kwenye korido kwa muda mrefu, fimbo, mguu, fimbo, mguu, hadi akafika nje kwenye kokoto. Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa eksirei na filamu mbili za kifua. Nikazipokea, nikaiinua ya kwanza dirishani, nikaanza kusoma namba.